MAS'ALA YA WATU WA HARAR NA FISI WAO

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho na kila kiendacho kwa miguu, akajidhaminia riziki zao wote. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Amma baadu. Katika nchi ya Wahabeshi, upande wa mashariki, pana mji uitwao Harar. Mji huu ni wa Waislamu tangu zamani, na madhhabi yao ni madhhabi ya Imamu Shafi'i, kama yalivyo madhhabi ya watu wa pwani hii tangu Barawa hata Kilwa. Umezungukwa na ukuta wa mawe uitwao Jugol, uliojengwa katika karne ya 16 zama za Amir Nur bin Mujahid. Ndani yake mna misikiti 82 na mazara ya mawalii 102, kwa hesabu iliyoandikwa mwaka 2006 ulipotiwa mji huo katika daftari la UNESCO la urithi wa ulimwengu. Wenyewe huuita Madinatul Awliyai, yaani mji wa mawalii.

Lakini kila utajwapo Harar, khabari itanguliayo si ya misikiti wala ya ilimu, bali ni khabari ya fisi.

Usiku unapoingia na milango ya maduka ikafungwa, fisi hushuka kutoka mashambani na vilimani nje ya mji, wakaingia ndani. Katika ukuta mna matundu ya kupitishia maji, na watu wa Harar huyaita kwa lugha yao matundu ya fisi, kwani humo ndimo wapitamo. Hutembea katika vichochoro vyembamba, wakala mifupa iliyotupwa na wachinjaji, na matumbo, na ngozi mbovu. Mtu atokaye msikitini baada ya Isha huweza kupishana na fisi uchochoroni, huyu akashika upande wake na yule akashika upande wake. Na nje ya ukuta wako watu ambao kila usiku huwaita fisi kwa majina wakawapa vipande vya nyama; hata mwengine hutundika kipande juu ya kijiti, akakiuma kijiti kwa meno, na fisi akaja akaitwaa ile nyama mbele ya uso wake. Kuwalisha namna hii mbele ya wageni si jambo la kale. Lilianza katikati ya karne ya 20, na husimuliwa kuwa aliyelianza alikuwa mkulima, akitaka kuwaepusha fisi na wanyama wake wa kufuga. Ama kukaa nao jirani ni kwa kale sana.

Liko na jambo jengine. Husimuliwa Harar kwamba zamani iliingia njaa kubwa, fisi wakawa wanashambulia watu. Mawalii wakakutana juu ya mlima Hakim, wakaona rai ya kuwapikia fisi uji, na fisi wakaacha kudhuru. Ndipo ikawa kila Ashura hupikwa uji mzito, ukatiwa siagi nyingi, ukapelekwa penye mazara ukawekwa fisi waje. Kisha watu hutazama. Fisi wakila kwa namna ipendezayo, mwaka hutarajiwa kuwa wa kheri. Wakikataa, au wakila wote wasisaze, huogopwa njaa na maradhi. Tena husema baadhi yao kuwa fisi anapopita mjini usiku huwala majini, akausafisha mji kwao kama anavyousafisha kwa mifupa.

Hizo ndizo khabari zilizopo, na wenye kuzihukumu ni wengi.

Katika nyanda za juu za Wahabeshi, watu wengi wasio Waislamu huitakidi kwamba mhunzi hugeuka fisi usiku, na mtu wa namna hiyo humwita buda. Basi anayekaa na fisi, kwao, ni mtu wa kushukiwa. Mwingereza Richard Burton aliingia Harar Januari 1855, akakaa siku 10, na mwaka 1856 akatoa kitabu ambacho ndani yake hakuwasifu watu wa mji ule ila kidogo. Siku 10 ni chache hata kuijua nyumba moja na watu wake. Wageni wa siku hizi huja kwa gari, wakasimama nusu saa penye mwanga wa taa, wakapiga picha, wakarudi kwao wakisema kuwa watu wale ni majasiri mno, au kuwa ni wenda wazimu. Wachache ndio waliokaa. Mmoja wao ni Marcus Baynes-Rock wa Australia, aliyetoa kitabu mwaka 2015. Yeye alikwenda Harar kuwachungua fisi pamoja na watu, akatembea nao vichochoroni usiku kwa usiku, na aliyoyaandika hayafanani na ya wale wa nusu saa.

Ama mtu wa pwani, yeye akisikia khabari hii husema moja katika maneno mawili. Ama husema watu wale ni wachawi, kwa kuwa katika masimulizi ya wazee fisi ni kipando cha mchawi. Ama husema ni washirikina, waliomfanya mnyama kuwa mungu. Na sababu ya haraka hii haikujificha. Nyuma ya Mombasa na Malindi wako Wagiriama na ndugu zao wa Kimijikenda, ambao zamani walimtukuza fisi, wakamfanyia matanga anapokufa, na kiapo kikubwa cha wazee wao wa kaya kikaitwa kwa jina lake. Waislamu wa mijini waliyaona hayo, na fisi akawa kwao alama ya ukafiri. Basi waliposikia kuwa kuna Waislamu wanaowalisha fisi, hawakuuliza. Waliipima Harar kwa kipimo cha kaya. Na Mwenyezi Mungu amekwisha kumkataza mja kufuata asilokuwa na ilimu nalo, akamjulisha kwamba masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa.

Kosa la hukumu hizi ni moja. Zimefunga mambo matatu katika kitita kimoja, nayo kila moja lina hukumu yake mbali: kumwacha fisi na kumlisha, kumkaribia kwa kuhatarisha nafsi, na kuitakidi jambo juu yake.

Kabla ya hayo ni lazima ijulikane hadhi ya mnyama huyu katika sharia, na hapa pana litakalowashangaza wengi. Katika madhhabi ya Imamu Shafi'i nyama ya fisi ni halali. Mwanafunzi aliyesoma Minhaji ya Imamu Nawawi amelipita jambo hili katika mlango wa vyakula, pale alipotajwa fisi pamoja na dhabbu na sungura; na aghlabu darasa huupita mstari ule mbio, kwa kuwa wanafunzi hucheka. Dalili yake ni hadithi ya Jabir bin Abdillah (r.a.), aliyeulizwa juu ya fisi, je, ni windo? Akajibu kuwa ndiyo. Akaulizwa kama huliwa, na kama amelisikia hilo kwa Mtume (s.a.w.), naye akajibu kuwa ndiyo. Tena aliyehirimia akimwua fisi imewekwa juu yake fidia ya kondoo dume. Na Imamu Shafi'i mwenyewe amesema kwamba nyama ya fisi ilikuwa ikiuzwa Makka baina ya Safa na Marwa, na watu hawakuikanya. Imamu Ahmad ameafikiana naye. Imamu Abu Hanifa ameiharimisha kwa ile hadithi ya kukataza kila mnyama mkali mwenye chonge. Na Imamu Malik ameikirihi.

Tanbihi. Fisi ajulikanaye Hijazi ni fisi wa miraba, naye zaidi hula mizoga. Fisi wa Harar na wa bara yetu ni fisi wa madoa, mkubwa kuliko yule. Zamani watu wote walidhani kuwa huyu naye ni mla makombo ya simba tu, hata Hans Kruuk alipotoa kitabu chake mwaka 1972 baada ya kuwachungua Serengeti na Ngorongoro, ikadhihiri kwamba sehemu kubwa ya wanachokula wanawinda wenyewe. Akiuliza muulizaji, je, ruhusa ya kula yamwenea huyu pia? Jawabu ni kuwa jina la fisi lawakusanya wote wawili, lakini kutoka katika khitilafu ya maulamaa ni jambo lipendwalo, na mwenye kuacha hana lawama. Vilevile maneno yaliyomo katika vitabu vya kale, na Damiri ameyanakili katika Hayatul Hayawan, kwamba fisi huwa dume mwaka mmoja na jike mwaka wa pili, si kweli. Asili ya dhana hiyo ni kwamba jike la fisi wa madoa ana maumbile ya nje yanayofanana na ya dume; tena jike ndiye mkubwa wa mwili, na majike ndio watawalao kundi. Mafakihi walinakili waliyoambiwa na wawindaji, na hukumu zao hazikujengwa juu ya hilo.

Basi mtu wa pwani asemaye kwamba fisi ni najisi na kumgusa ni uchafu, ameyaacha madhhabi yake akafuata karaha ya moyo wake. Na karaha ya moyo si dhambi. Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya dhabbu, naye ni katika jamii ya guruguru, akaacha kuila, akasema kuwa mnyama yule hakuwa katika nchi ya watu wake, na Khalid bin Walid akaila mbele yake asimkataze. Hapo imepambanuka chuki ya nafsi na hukumu ya dini. Mwenye kumchukia fisi na amchukie, lakini asiseme kuwa sharia ndiyo iliyomchukia.

Ama kumlisha. Imethubutu kwamba mtu alimnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, na kwamba mwanamke alimfunga paka hata akafa kwa njaa, akaadhibiwa kwa ajili yake. Wamesema mafakihi kuwa ujira huu ni katika mnyama mwenye hishima, si katika wale walioamrishwa kuuawa, nao ni kunguru, na mwewe, na nge, na panya, na mbwa mkali mwenye kuuma. Je, fisi ni wa upande gani? Aliyewekewa fidia kwa kuuawa katika ihramu hawezi kuwa miongoni mwa walioamrishwa kuuawa. Na Imamu Malik katika Muwatta amemwingiza katika hukumu ya mbwa mkali kila mnyama anayeshambulia watu, mfano wa simba na chui, kisha akamtoa fisi kwa jina. Kwa hivyo kumpa fisi mfupa kunaingia katika sadaka, na mwenye nia njema hutarajiwa thawabu. Wala nyama hiyo si lazima iwe halali kwa mtu. Nyamafu yafaa kulishwa wanyama wa namna hii, ila kuiuza nyamafu ndiko kusikofaa.

Tena yamo manufaa yaonekanayo kwa macho. Fisi huvunja mfupa ambao mbwa hauwezi, na tumbo lake huuyeyusha, hata mavi yake huwa meupe kama chokaa. Katika mji wa Mekelle, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, wachunguzi wamepima kazi ya fisi ya kula mizoga, wakaona kwamba hupunguza khatari ya kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe kuwafikia watu na mifugo. Mji wenye vichochoro vyembamba na wachinjaji wengi usioachiwa mizoga kuoza mlangoni umepata huduma, na mfanya kazi wake haombi mshahara. Miji ya pwani ina kunguru na mbwa na paka kwa kazi hiyo, na kila apitaye sokoni asubuhi anajua jinsi wanavyoifanya.

Ama kumkaribia, hapo mambo ni mazito, na mwenye kuwatetea watu wa Harar asiyafiche. Fisi ni mnyama mkali. Katika nchi ya Wahabeshi na kwengineko huua watu, khasa watoto na waliolala nje. Mwenyezi Mungu amekataza mtu kujitupa kwa mikono yake katika maangamizi. Lakini maangamizi hupimwa kwa dhana yenye nguvu, si kwa hofu ya asiyezoea. Mvuvi aingiaye nje ya mwamba katika msimu wa kusi hufanya jambo ambalo mtu wa bara angeliita kujiua, naye huzijua bahari na mawingu kwa kurithi. Vivyo hivyo mtu wa Harar apishanaye na fisi njiani, asimkimbie wala asimsogelee, amefanya lile alilojua kwa mazoea ya karne kuwa ndiyo salama. Hili halina neno. Kuweka uso wake mbele ya meno ya mnyama avunjaye fupa la paja la ng'ombe, ili mgeni apate kupiga picha, ni jambo jengine. Hapana haja humo, na kuzoea kwa mmoja hakumlindi mgeni aliyeitwa naye ajaribu. Aliye hodari wa kazi hiyo asidhani kwamba ustadi wake ni fatwa.

Tena ni lazima aangaliwe jirani. Mwenye kuwalisha fisi karibu na nyumba ya mtu mwenye watoto wadogo, akawazoeza fisi mlango usio wake, akadhuriwa mtoto, huyo hatoki katika dhambi kwa kusema kuwa mnyama hana mwenyewe. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru. Na fisi akimshambulia mtu, hukumu yake ni hukumu ya kila mshambuliaji. Huzuiwa kwa jepesi kwanza, kwa ukelele, kisha kwa fimbo, na lisipofaa ila kumwua, auawe, wala hapana fidia.

Na kwa sababu ya mnyama huyu na mfano wake mafakihi wameweka kipimo cha kaburi. Uchache wa kaburi ni shimo litakalozuia harufu isitoke na mnyama mkali asifukue. Watu wa pwani hulisoma neno hilo wakaliona kama la ziada, kwa kuwa makaburini kwao hamna ila paka na mbuzi. Penye fisi neno hilo si la ziada hata kidogo. Asiyelishika huamka asubuhi akaliona kaburi la mamake limefukuliwa.

Ama uji wa Ashura, na kutazama fisi atakavyokula ili ujulikane mwaka, hapa haifai kulegeza ulimi. Kupika na kulisha ni sadaka. Kuilisha siku ya Ashura hakudhuru, ingawa sunna ya siku hiyo ni saumu, pamoja na saumu ya siku iliyo kabla yake. Lakini kuitakidi kwamba fisi anajua ya mwaka ujao, au kwamba kula kwake kunaleta mvua na kukataa kwake kunaleta ndui, hiyo ndiyo tiyara aliyoikataa Mtume (s.a.w.) na kuihesabu katika shirki. Waarabu wa ujahili walikuwa wakimfukuza ndege, akiruka kulia wakafunga safari, akiruka kushoto wakarudi majumbani. Hapana tofauti baina ya ndege yule na fisi huyu ila siagi. Na kisa cha mawalii juu ya mlima Hakim hakisahihishi jambo hili. Lau kisa ni kweli, basi waliwalisha wenye njaa wakaondoa madhara, nalo ni tendo jema, wala haikupokewa kwamba waliwafanya kuwa watabiri. Ama kauli ya fisi kuwala majini haina dalili, na lililo ghaibu halisemwi ila kwa dalili.

Walakini mwenye kuikanya Harar kwa uji wake na aanze nyumbani kwake. Ni nyumba ngapi za pwani ambazo bundi akilia juu ya paa watu hawalali, wakangoja maiti? Ni wangapi wanaoahirisha safari kwa kujikwaa mguu wa kushoto kizingitini, au wanaokwenda kwa mganga kutazamiwa kwa ramli kabla ya kuoza binti? Bundi wa pwani hapewi hata uji. Anayesema kuwa watu wa Harar ni washirikina kwa ajili ya fisi, kisha akamtupia bundi jiwe kwa hofu ya mauti, wamekutana naye katika itikadi moja, wakamzidi kwa sadaka.

Wala haisihi kumkufurisha Muislamu kwa ada kama hii. Wengi wao hupika uji kwa kuwa babu zao walipika, wala hawaitakidi kwamba fisi anamiliki kheri au shari. Mwenye kuitakidi hivyo hufundishwa kwa upole, akabainishiwa. Na maulamaa wamo Harar kwenyewe, wenye vitabu na halaka tangu kabla ya kuzaliwa wengi wa wanaowahukumu.

Imebaki mas'ala moja ambayo huulizwa kwa mzaha, na jawabu lake si mzaha. Lau mtu amewalisha fisi baada ya Maghribi, mate yao yakampata katika mkono wa kanzu yake, kisha akaingia msikitini kusali Isha, je, sala yake ni sahihi? Kwa Shafi'i kila mnyama aliye hai ni tahiri, isipokuwa mbwa na nguruwe na waliozaliwa nao. Kwa hivyo mate ya fisi ni tahiri, na alichosaza katika chombo cha maji ni tahiri. Ikiwa nyama aliyoishika ilikuwa nyamafu, na aoshe mkono wake na mahali palipopatwa na unyevu wake katika nguo. Ikiwa ni nyama iliyochinjwa, wekundu uliosalia ndani yake umesamehewa. Akisimama safuni, na watu wa kuliani na kushotoni kwake wakajivuta kwa kumchukia, yeye sala yake ni kamili, na karaha ya kuacha mwanya katika safu i juu ya wale waliojivuta. Wallahu aalam.